Kidole Gumba na Ng'ombe Waliogeuka Watu

Luzira, Kampala
Jumapili, 18 Mei 2025
Asubuhi: manyunyu tangu saa kumi na mbili, ziwa halionekani. Saa nne jua limetoka.

Mpendwa Baba mdogo Dawudi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute huko Mwanza ukiwa mzima, umekaa kibarazani na miwani yako, na Mama mdogo Zubaida akikugombeza kwa jambo dogo kama kawaida. Goti la kushoto linaendeleaje? Tulisikia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mama alicheka akasema, "Huyo Dawudi tusipomwangalia atarudi kuruka juu ya mabehewa kama enzi zake za bandarini."

Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Presha ya Mama imetulia tangu mwezi uliopita. Wanangu wamefungua shule. Mvua imekuwa nyingi, na ukuta wa nyuma umeanza kula unyevu kama ule wa nyumba yetu ya zamani, lakini paa halivuji.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu wewe kwenye simu husema "haya, haya" kabla mtu hajamaliza sentensi, na jambo nililo nalo lina mwanzo, katikati na mwisho. Tena linakuhusu. Linakuhusu kwa wema, na linakuhusu kwa ubaya, na yote mawili yametoka katika mikono yako miwili. Usishtuke. Mwisho wake ni furaha, nakuambia mapema ili moyo wako usipige mbio.

Nianze na kazi yetu, kwa sababu sidhani nimewahi kukueleza vizuri. Wewe unajua tu kwamba niko maabara na kwamba ninatunza stoo. Ni kweli. Ninapokea mizigo, naipanga, naandika joto la friza asubuhi na jioni, na kila wiki natayarisha kadi.

Utafiti wetu ni wa maziwa ya mama. Kuna kina mama wenye maziwa mengi wanaowapa watoto njiti ambao mama zao hawana. Maziwa hayo hupashwa moto kwanza ili kuua vijidudu. Daktari Rosalba, mkuu wetu, anataka kujua kama baada ya moto ile protini inayomlinda mtoto bado imo, au tunawapa watoto kitu cheupe kisicho na nguvu. Vituo viko mbali na havina friza, kwa hiyo muuguzi anadondosha maziwa kwenye kadi ya karatasi nzito, yanakauka, na kadi inakuja kwetu ndani ya bahasha.

Sasa, protini haionekani kwa macho. Anayeitafuta ni kingamwili. Nilipoanza sikuielewa hadi Ocen, fundi wetu wa vipimo, aliponieleza nikiwa nimeshika ufagio. Sungura huchomwa sindano ya ile protini ya binadamu, na mwili wake hutengeneza walinzi wa kuikamata. Walinzi hao hukusanywa kutoka kwenye damu yake, husafishwa, na hutiwa kwenye chupa ndogo. Mimi nilielewa hivi: ni kama askari wa lango la bandari ya Port Bell aliyepewa picha ya mtu mmoja tu. Wapite watu elfu, hana habari nao. Akipita yule, anamkamata.

Hiyo chupa, Baba mdogo, haijazi hata kifuniko cha kalamu. Ilikuja mwezi wa Januari kutoka ng'ambo ndani ya sanduku kubwa la barafu, na mimi ndiye niliyetia saini. Lebo yake inasema ni ya utafiti tu, haitibu mgonjwa. Kipande kidogo cha kadi kinalowekwa, maji yake yanatiwa kwenye sahani yenye vishimo tisini na sita, kingamwili inafanya kazi yake, halafu rangi inaletwa mwishoni. Kishimo kikigeuka njano, protini ya binadamu imo. Kikibaki cheupe, haimo.

Na ili tujue askari wetu si mwongo, kila wiki tunaweka kadi ishirini zenye maziwa ya ng'ombe. Ng'ombe ana protini yake inayofanana na ya mtu, lakini askari mzuri hababaiki, anaiacha ipite. Kadi za ng'ombe lazima zibaki nyeupe. Zikigeuka njano, basi hata majibu ya kina mama hayaaminiki, na utafiti wote unaweza kufungwa.

Zikageuka njano.

Si zote. Wiki ya kwanza sita, wiki iliyofuata nne, iliyofuata saba. Pale kazini ikawa kichekesho. Nabilah, msaidizi wa Ocen, akimwona tu anatoka na sahani anaita kutoka jikoni kwa heshima ya mzaha, "Ocen ssebo, leo ng'ombe wangapi wamegeuka watu?" Ocen anajibu, "Saba, na mmoja anakuulizia wewe, anataka mahari yake." Tulicheka. Baadaye hakuna aliyecheka.

Kwanza ililaumiwa chupa. Daktari aliwaandikia waliotuuzia. Walijibu kwa adabu kwamba chupa zao zimepimwa na ziko sawa, na wakauliza ni nani anayefanya kipimo. Swali hilo lilikaa kichwani mwa Daktari. Mwezi wa Machi Ocen alikwenda Gulu kwa sababu baba yake aliugua, akakaa huko mwezi mzima. Nabilah akashika kazi, na ng'ombe karibu wote wakanyamaza. Aprili Ocen akarudi, na ng'ombe wakaanza tena. Ikaletwa chupa ya pili, mpya kabisa, nami nikatia saini. Hali ikawa ile ile.

Daktari Rosalba ni mtu wa haki, lakini ni mtu wa hesabu. Alibandika karatasi ukutani: Februari kumi na saba, Machi tatu, Aprili kumi na tisa. Nani hakuwepo Machi? Mtoto wa chekechea angejibu. Zile tatu za Machi alisema ni uchafu uliobaki kwenye vifaa tangu siku za Ocen. Tarehe 12 Mei Ocen alipewa karatasi inayomtaka ajieleze Ijumaa tarehe 16, na sote tulijua kwamba barua ya kumwachisha kazi imeshachapwa.

Ningependa umjue Ocen. Ana miaka ishirini na tisa, mrefu, anaimba akiosha vifaa na sauti hana. Fundi anayefukuzwa maabara kwa uzembe hapati maabara nyingine Kampala nzima, maana wakubwa wote wanajuana. Jumatatu ile hakuimba. Alifuta meza yake mara tatu, mahali pale pale.

Nikaona walau niandike maneno machache ya kumtetea, kwamba ni mtu wa kufika mapema na kunawa mikono. Jumatano jioni, baada ya Magharibi, nikatoa shajara yangu nitafute tarehe. Hapa ndipo unapoingia kwa wema, Baba mdogo. Unakumbuka nilikuwa darasa la sita, uliponipa ile shajara ya ofisi ya bandari iliyobaki? Uliniambia: andika tarehe, andika hali ya hewa, andika kilichotokea na si unachofikiri juu yake, halafu andika saa uliyolala. Kwa nini saa ya kulala, nikauliza. Ukasema, "Mwili una kumbukumbu zake, na wewe uwe na zako, siku moja mtakuja kulinganisha." Sijaacha siku hata moja isipokuwa zile tatu nilipojifungua.

Basi nikakuta kila siku nimeandika idadi ya ng'ombe, kwa ajili ya kichekesho tu. Daktari alikuwa na miezi. Mimi nilikuwa na siku.

Nikachukua rula na karatasi nikazipanga kwa wiki. Ocen aliondoka Jumapili tarehe 2 Machi. Wale ng'ombe watatu wa Machi wote walitokea wiki ile ya kwanza, tarehe 4 mpaka 7, yeye akiwa Gulu na vifaa vikiwa vimeoshwa upya na Nabilah. Halafu wiki tatu bila hata mmoja. Ocen akarudi kazini Jumanne tarehe 1 Aprili, akapima kadi ishirini kwa mkono wake mwenyewe wiki hiyo hiyo, na zote zikabaki nyeupe. Wiki iliyofuata ndipo zilipoharibika.

Nikaitazama ile karatasi hadi chai ikapoa. Ubaya haukuondoka na Ocen wala haukurudi naye. Ulichelewa wiki moja kuondoka, na ukachelewa wiki moja kurudi. Na ni kitu gani pale kwetu kinachelewa wiki moja? Kadi. Kadi ninazotayarisha wiki hii ndizo zinazotumika wiki ijayo.

Nililala nikidhani ni boksi la kadi lililokuja baya kutoka kiwandani. Nilifurahi hata. Niliandika: "Saa tano usiku. Ocen atapona."

Alhamisi asubuhi nilifungua stoo saa mbili kamili. Mvua ilikuwa imenyesha, na kadi zikipata unyevu zinagandana. Nikachukua fungu la hamsini nizihesabu na kuzipiga muhuri wa namba. Kidole gumba changu kikaenda mdomoni, kikagusa ulimi, kikarudi kwenye kadi ya kwanza. Kikaenda tena, kikarudi kwenye ya nne. Kilikuwa kimeenda mara tatu kabla sijakiona.

Baba mdogo, nilisimama pale na kidole kimeinuliwa kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

Nani alinifundisha? Ni wewe, juu ya lile stuli refu la Port Bell, nikikusaidia kuhesabu hati za mabehewa wakati wa likizo. "Karatasi ni kama mtu mwenye usingizi," ulisema, "haiachani na mwenzake mpaka uiguse na kitu cha baridi." Ukalamba kidole, ukafungua hati mia kama karata. Nilikuona mtu mkubwa kuliko nahodha. Tangu siku ile nahesabu hivyo: fedha, madaftari ya watoto, vitambaa vya Mama, na kadi za maabara. Hakuna aliyewahi kunikataza. Mafundi huvaa glavu pale maziwa yanapodondoshwa, lakini kadi tupu ikiwa bado stoo, kila mtu aliiona ni karatasi tu, na mimi nikiwa wa kwanza.

Nikarudi kwenye shajara, maana huwa naibeba mkobani. Nikafungua Jumatatu tarehe 3 Machi. Nakunakilia kama ilivyo: "Mawingu, joto. Siku ya tatu ya Ramadhani, siku ya kwanza kazini nikiwa nimefunga. Nimeweka kipande cha sponji chenye maji kwenye kisosi stooni, nisije nikalamba kidole kwa kusahau." Na tarehe 1 Aprili, baada ya Idi: "Jua. Nimetupa maji ya kisosi, sponji nimeianika dirishani."

Hapo sikuhitaji rula. Ng'ombe walinyamaza kwa sababu nilifunga. Wakageuka watu kwa sababu nilifungua.

Nilitoka nje mpaka langoni, kwa Séraphine. Huyu ni mama kutoka Bukavu anayetuuzia chai na mandazi, na hakuna siri ya maabara asiyoijua. Alinimiminia chai kabla sijaomba. Nikamweleza yote. Nikamwambia pia lililokuwa rohoni: kama mimi ndiye niliyeharibu kazi ya miezi mitatu, basi barua iliyochapwa itabadilishwa jina tu, na wanangu wawili wana mimi peke yangu. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua habari ya sponji. Ningeweza kuirudisha kimya kimya kwenye kisosi, na ng'ombe wangenyamaza wenyewe.

Séraphine hakunipa nasaha. Alifuta kikombe, akanitazama, akasema, "Ni bien. Nyamaza. Halafu leo mangaribi utaandika nini mu kitabu yako?"

Sikumaliza chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Rosalba, nikaweka shajara mezani pake, na ile karatasi ya wiki, na kadi moja. Nilisema kwa kusimama. Nikalamba kidole mbele yake nikagusa kadi, ili asije akadhani ninapamba maneno. Akaniuliza jambo moja tu: "Unajua unachoniambia kuhusu wewe mwenyewe?" Nikasema, "Ndiyo, Daktari. Lakini Ocen hakuwahi kuingia stooni kwangu."

Akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyepapasa kitanda kizima akitafuta miwani iliyo usoni pake. Akanieleza kwamba protini ile ile ya maziwa ya mama imo pia kwenye machozi na kwenye mate ya kila binadamu, kwa kiasi kidogo. Ipo hapo hapo kutulinda. "Nimeifundisha hii miaka kumi na tano," akasema, "na sikuwahi kuuliza kadi zinahesabiwa vipi."

Lakini yeye ni mtu wa hesabu, na nilikwisha kukwambia. Akasema maneno hayatoshi, tuwaulize ng'ombe. Tukapanga hivi. Nitayarishe kadi ishirini. Kumi niziguse kwa sponji. Kumi ziguswe kwa kidole kilicholambwa, lakini si changu peke yangu, maana pengine mate yangu yana mambo yake. Mimi tatu, Nabilah tatu, askari wa lango la maabara mbili, na Daktari mwenyewe mbili. Ungemwona, mwanamke wa heshima zake, analamba kidole anapapasa kadi, Nabilah akimwambia, "Daktari, usione haya, lamba kama unahesabu mshahara!"

Nikazichanganya, nikazipiga namba, na orodha ya ipi ni ipi nikaiandika kwenye shajara na mahali pengine popote hapana. Daktari akaweka shajara kwenye kabati lake na kufunga kwa ufunguo. Maziwa ya ng'ombe yakadondoshwa kwa glavu, yakakauka usiku kucha. Ocen hakuambiwa lolote ila kwamba kabla ya kujieleza apime sahani moja ya mwisho.

Ijumaa tarehe 16: anga safi, ziwa limetulia. Ocen alianza saa tatu asubuhi. Alifanya kazi polepole, kama anayekunja nguo za msafiri. Mimi sikuwa na kazi mle ndani, lakini nilifuta vioo ambavyo nilikuwa nimevifuta tayari. Niliswali Adhuhuri stooni, na sikuomba kwamba nisiwe na makosa. Niliomba kwamba makosa yawe yangu kabisa, yasibaki hata punje ya mtu mwingine.

Saa tisa na dakika kumi akatia rangi. Unajua inavyokuja? Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu kama mtu amepumulia kioo. Kishimo kimoja kikapata ukungu wa buluu, kikafuata cha tatu, cha saba, cha nane. Akatia ile dawa ya kusimamisha, na buluu ikageuka njano kali kama ua la boga. Ocen akahesabu kwa sauti ndogo. "Kumi," akasema, na mabega yake yakashuka. Alidhani amekwisha.

Daktari akafungua kabati, akampa Nabilah shajara yangu, akamwambia asome. Nabilah akasoma namba moja moja, na Ocen akaonyesha kishimo kimoja kimoja kwa kalamu. Tatu, ulimi: njano. Nne, sponji: nyeupe. Saba, ulimi: njano. Tisa, sponji: nyeupe. Ilipofika kumi na nne, ulimi wa Daktari, ikang'aa kuliko zote, Nabilah akapiga kelele, "Banange! Mkubwa amegeuza ng'ombe kuwa profesa!"

Ishirini kati ya ishirini, Baba mdogo. Hakuna hata moja iliyokosea. Yule askari mdogo aliyezaliwa na sungura, tuliyemsingizia uongo tangu Februari, hakuwahi kusema uongo hata siku moja. Alipewa picha ya mtu mmoja, na alimkamata kila alipopita, hata alipopita kwa ncha ya kidole changu, hata alipojificha ndani ya tone la maziwa ya ng'ombe. Nilijisikia aibu na fahari kwa wakati mmoja, na sijui ipi ilinifanya nilie.

Ocen alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilimwendea nikamwambia, "Nisamehe, kaka. Ni mimi." Lile bichwa lake likaanza kutikisika kwa kicheko. "Wewe dada! Mate yako ilitaka kula kazi yangu mzima mzima!" Akaniinua mkono wa kulia kama bondia aliyeshinda, akawaonyesha watu kidole changu gumba. "Muone huyu! Huyu ndiye bwana mkubwa wa ng'ombe zote!"

Barua iliyochapwa Daktari aliichana mbele yetu. Vipande akampa Ocen mkononi, akamwomba radhi kwa kumtaja jina lake lote, na mbele ya watu. Si kila mkubwa anaweza hilo.

Na kazi ya miezi mitatu haikupotea, kama nilivyoogopa. Maziwa ya mama yana protini hiyo kwa wingi mno, na huongezwa maji mara elfu kadhaa kabla ya kupimwa, kwa hiyo kulamba kwangu humo ni kama kumwaga kikombe ziwani. Ya ng'ombe ndiyo yanayopimwa mazito, ili tusijidanganye, na ndiyo yaliyonifichua. Kadi za ng'ombe zitarudiwa, basi. Majibu ya kina mama yanasimama, na kwa yaliyokwisha kupimwa, protini imo baada ya moto. Watoto wanapewa maziwa yenye nguvu.

Sasa sikiliza lililonifanya nichukue kalamu. Pale kwetu kila kazi ina mwongozo ulioandikwa na mtaalamu, una namba, na umewekwa kwenye faili. Wa kuandaa kadi haukuwepo, kwa sababu hakuna aliyedhani ni kazi. Ijumaa ile ile Daktari aliniambia niuandike. Nikamkumbusha kwamba mimi niliishia kidato cha nne. Akasema, "Uandike kama unavyoandika kitabu chako. Kilichotokea, si unachofikiri." Baba mdogo, alisema maneno yako yale yale, na hajawahi kukuona.

Nimeuandika jana mchana, ukurasa mmoja na nusu. Vaa glavu. Tumia kibano. Kadi zikigandana, ziache juu ya kitambaa kikavu. Sponji marufuku nayo, maana hata maji yana mambo yake. Juu kabisa patachapwa: Mwongozo Namba 14, Kuandaa Kadi Tupu. Mwandishi: Rahmah Hamim. Jina la marehemu baba yangu, kaka yako, limeingia kwenye faili la maabara, na kila atakayeajiriwa baada yetu itabidi alisome na kutia saini chini yake.

Usijilaumu hata kidogo kwa habari ya kidole. Ulinipa kosa na ulinipa dawa yake siku zile zile, juu ya stuli lile lile, na dawa imekuwa na nguvu kuliko kosa. Ila Mama mdogo ameniambia kwamba mpaka leo gazeti hulifungui bila kulamba. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta nusu ya kile kipande cha sponji cha Ramadhani. Nusu nyingine nimeibandika kwenye shajara, tarehe 16 Mei.

Barua naituma kwa mkono wa baharia mmoja wa ile meli inayobeba mabehewa, anaondoka Port Bell kesho. Anasema wazee wa bandari ya Mwanza bado wanakujua.

Nisalimie sana Mama mdogo Zubaida, mwambie ile kahawa aliyotuma imekwisha na hatuna haya kusema. Msalimie Haboba wa jirani yenu, yule bibi aliyenisuka nywele nilipokuja. Mama yangu anakusalimu, anasema ulinde goti. Ocen naye, ingawa hamjuani, ameomba nimwandike: anamsalimu "mwalimu wa kulamba."

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie macho ya kusomea na miguu ya kuendea msikitini, na atukutanishe upande huu wa ziwa au huo.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuhesabia siku,

Rahmah

Nyongeza, Jumatatu alfajiri, nyota bado ziko: bahasha nimeifunga kwa gundi, siyo kwa ulimi. Jana nililala saa tatu na dakika arobaini. Tangu Februari sijaandika saa ya mapema hivyo. Nimelinganisha.